Lishe ya punda na farasi wasiopigiliwa chuma kwatoni

Tangu mvua zianze, ofisi yetu ya mifugo imepokea punda wanaochechemea kwa wingi usio wa kawaida. Wenye punda wanaokuja wengi wao wanauliza swali moja: wampeleke wapi akapigiliwe viatu vya chuma. Wengine hata hawakuuliza. Walishakwenda kwa fundi wa kuchomelea, akakata nondo, akaikunja na kuigongelea kwa misumari ya kupigilia mbao. Ofisi inaomba, kwa heshima zote, jambo hilo likome. Punda wa Tabora, kuanzia Igunga hadi Sikonge, wanatembea kwa kwato zao wenyewe kwa vizazi na vizazi. Tunapowapima hawa wanaochechemea, chanzo tunakikuta mara nyingi kwenye karai la pumba.

Punda na farasi hawacheui. Tumbo lao la mbele ni dogo, na nyuzi za majani zinameng'enywa huko nyuma, kwenye utumbo mpana, na vijidudu vinavyoishi humo. Wanga ukizidi kiasi ambacho utumbo mwembamba unaweza kukimudu, unaobaki unafika kwa vijidudu hao, unachacha, tindikali inapanda na sumu zinaingia kwenye damu. Kwa mnyama aliyenenepa kuna njia ya pili: insulini, homoni inayodhibiti sukari, inapanda mwilini na kukaa juu. Njia zote mbili zinaishia pale pale, kwenye tabaka laini linaloushikilia mfupa wa mguu na ukuta wa ukwato. Tabaka hilo linavimba, kisha linaanza kuachia. Kitaalamu hali hiyo inaitwa laminaitisi. Mnyama mwenye hali hiyo ukimgongelea misumari, unampigilia mahali palepale panapouma.

Namna ya kumtambua si ngumu. Punda husimama akiwa ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza, na hataki kugeuka kwenye sakafu ngumu. Weka kiganja kwenye ukwato asubuhi kabla hajatoka juani, uulinganishe na mwingine. Wenye shida mara nyingi una joto. Papasa nyuma ya kifundo, juu kidogo ya ukwato: utasikia mshipa unadunda kwa nguvu, wakati kwa punda mzima unautafuta hadi unakata tamaa. Kisha angalia shingo. Mafuta yakijaa chini ya manyoya ya shingo, pakawa pagumu au pakaanza kulalia upande mmoja, huyo ameshavuka mpaka. Wenyewe mnamsifia kwamba amenawiri.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba punda wa mjini wamepungukiwa kazi. Maji ya Ziwa Victoria yalipofika Nzega, Igunga na hapa Tabora mjini, mitaa mingi iliyokuwa ikitegemea mikokoteni ya madumu sasa ina bomba. Tunashukuru. Lakini punda aliyekuwa akivuta maji kutwa nzima sasa anasubiri tofali na mkaa mara chache kwa wiki, na karai la pumba halijapungua hata kidogo.

Hapo ndipo tunapogongana na wafugaji. "Pumba si ndiyo chakula, bwana mifugo?" Pumba za mahindi za mashine zetu zina unga mwingi, na kiasi cha unga kinategemea mkoboaji. Mahindi yenyewe ni wanga karibu asilimia 70. Kiwango tunachoshauri ni wanga usiozidi gramu moja kwa kila kilo ya uzito wa mnyama kwa mlo mmoja. Punda wetu wengi wana kilo kama 150, kwa hiyo mahindi gramu 200 kwa mlo ni mwisho, tena kwa punda anayefanya kazi na aliyekonda. Karai lililojaa ni mara kadhaa ya hapo. Punda mwenye mwili mzuri na kazi ya kawaida hahitaji pumba kabisa. Tunajua kauli hii haipendwi.

Pumba zina kasoro nyingine, hasa za mpunga: fosforasi ni nyingi mno na kalsiamu ni kidogo. Mnyama anayeishi kwa pumba analazimika kuchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, na mifupa ya taya inavimba. Mwenye kulazimika kutoa pumba achanganye na majani makavu ya karanga au ya kunde, ambayo yana kalsiamu, na aulize ofisini kiasi cha chokaa ya mifugo. Makapi ya mpunga, yale maganda magumu, yasihesabiwe kuwa chakula hata kama punda anayatafuna.

Chakula chenyewe ni nyuzi. Punda anahitaji chakula kikavu kati ya asilimia 1.3 na 1.8 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo mbili hadi mbili na nusu na kidogo kwa punda wa kilo 150. Anayevuta mzigo kila siku anapewa zaidi. Mabua ya mahindi, majani makavu ya mpunga, nyasi za porini zilizokatwa zikaanikwa vizuri: hivyo vyote anavimudu kuliko ng'ombe anavyovimudu. Watu wanaona ni chakula cha kumdhalilisha mnyama. Mwili wake ulijengwa kwa nchi kavu, na majani hayo hafifu ndiyo yanayomfaa. Agawiwe mara nyingi kidogo kidogo, awe na cha kutafuna muda mrefu. Maji safi lita 10 hadi 25 kwa siku, kutegemea jua na kazi. Chumvi ya kawaida, hata ile ya Uvinza, awekewe alambe mwenyewe. Ukibadilisha chakula, badilisha kwa wiki moja hadi mbili. Anayehama ghafla kutoka mabua makavu hadi majani mabichi ya mvua za kwanza anajitafutia tumbo.

Kuna ushauri unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwamba mnyama asiye na viatu alishwe majani alfajiri tu, kwa sababu jua linajaza sukari kwenye nyasi. Ushauri huo umeandikwa kwa nyasi za Ulaya, zinazohifadhi sukari yake hasa kukiwa na baridi na jua. Nyasi zetu za joto zinahifadhi nguvu kwa namna nyingine. Kwa Tabora, tatizo la nyasi linakuja baada ya la pumba, nalo si sukari. Setaria na majani ya tembo yana oksaleti, inayofunga kalsiamu isitumike mwilini; ng'ombe ana vijidudu tumboni vya kuivunja, punda na farasi hawana uwezo huo. Majani hayo yasiwe chakula pekee, basi.

Sasa vitu vitatu ambavyo havina mjadala. Cha kwanza ni mahindi yenye ukungu. Ukungu mmoja wa mahindi unatoa sumu iitwayo fumonisini, ambayo inaozesha ubongo wa punda na farasi. Mnyama anazunguka, anasukuma ukuta kwa kichwa, anakufa, na watu wanasema amerogwa. Mahindi usiyoyala wewe kwa sababu yameoza, punda naye asiyale.

Cha pili ni chakula cha kuku. Baadhi ya vyakula hivyo vina dawa za kuzuia kokidi (vimelea vya utumbo wa kuku), kama monensini na salinomaisini. Kwa kuku ni sawa. Kwa punda na farasi kiasi kidogo tu kinaharibu moyo, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Hata mfuko uliobaki robo, usimwagie punda.

Cha tatu ni lusina. Mti huu umepandwa sehemu nyingi kwa rutuba ya udongo na lishe ya ng'ombe, na hatuupingi. Majani yake yana sumu iitwayo mimosini: punda au farasi akiyala kwa wingi ananyonyoka manyoya ya shingo na mkia, na kwato zinaota mapete na kupasuka. Tumeona wafugaji wakipaka oili chafu kwenye kwato hizo huku wakiendelea kumkatia majani yaleyale. Oili chafu haitibu ukwato wa aina yoyote.

Kwa wachache mnaofuga farasi katika ukanda huu wenye mbung'o, kanuni ni hizohizo, viwango ndivyo vinavyokua. Farasi wa kilo 450 anahitaji kama kilo tisa za chakula kikavu kwa siku, chumvi gramu 25 hadi 30, na uwiano mzuri wa zinki na shaba, takriban tatu kwa moja. Biotini, vitamini inayouzwa madukani, miligramu 15 hadi 20 kwa siku, husaidia baadhi ya kwato dhaifu. Haitaonekana mwezi wa kwanza. Ukwato wa farasi unaota milimita 6 hadi 10 kwa mwezi na unachukua miezi 9 hadi 12 kushuka kutoka juu hadi chini. Wanaorudisha kopo baada ya wiki tatu wakidai wametapeliwa, tunawaomba subira.

Onyo moja kwa watakaosoma hapa na kuamua kuwafungia punda wanene bila chakula: msifanye hivyo. Punda akikaa na njaa ghafla, mafuta ya mwilini yanajaa kwenye damu na ini linashindwa. Anakufa haraka kuliko ambavyo kwato zingemwua. Ondoa pumba, acha mabua.

Kuhusu sheria, ofisi inalazimika kueleza kwa ukamilifu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inamtaka mwenye mnyama kumpa chakula, maji na matibabu, na inakataza kumfanyisha kazi mnyama asiyeiweza. Wajibu haumhusu mwenye punda peke yake. Aliyemkodi na kijana anayeshika kamba wanahusika pia. Adhabu ni faini au kifungo, au vyote viwili. Huduma za tiba zinasimamiwa na Sheria ya Veterinari Na. 16 ya 2003, na fundi wa kuchomelea hayumo katika orodha ya waliosajiliwa. Utengenezaji na uuzaji wa vyakula vya mifugo unasimamiwa na Sheria Na. 13 ya 2010. Muuzaji wa mchanganyiko usio na maelezo ya kilichomo anajiweka pabaya.

Wapo pia wanaosema punda akishindikana watamuuza kwa wanaotafuta ngozi. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Mpango huo usiwepo kwenye hesabu zenu.

Utaratibu wetu ni huu. Punda akichechemea zaidi ya siku moja, mtoe kwenye mkokoteni, kisha toa taarifa kwa ofisa mifugo wa kata. Yeye ataandika taarifa, atampima na kutoa maelekezo ya chakula kwa maandishi. Atarudi kuangalia. Akikuta punda yuleyule amefungwa mkokoteni, shauri linapanda wilayani, na hapo halitakuwa tena la ushauri. Anayemtoa punda wilaya moja kwenda nyingine, hata kwa matibabu, awe na kibali cha kusafirisha mifugo kwa mujibu wa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya 2003. Kukosa kibali ni kosa linalojitegemea.

Mnaomleta punda ofisini, mleteni asubuhi kabla ya kazi, kwato zimeoshwa, pamoja na kiasi cha kila anacholishwa, kuanzia pumba hadi majani. Msichague kilicho kizuri. Tunahitaji kile alichokula jana jioni.