Kukakamaa kwa aota: kwa nini mwanamke na mwanaume hawazeeki sawa

Aota ni mshipa mkuu unaotoka moyoni, ukapinda kifuani kama mpini wa bakora, ukashuka hadi usawa wa kitovu na kugawanyika kuelekea miguuni. Moyo ukipiga, aota hutanuka kuipokea damu. Moyo ukilegea, nayo hurudi ndani na kuisukuma mbele. Hufanya hivyo mara 100,000 hivi kwa siku.

Kinachoiwezesha ni nyuzi za elastini, ambazo karibu zote mwili huzifuma tukiwa tumboni na utotoni. Zikikatika, nafasi yake hushikwa zaidi na kolajeni, isiyovutika. Chukua mpira wa manati uliosahauliwa juani: ukiuvuta haukubali, na nyufa zinaonekana. Aota ikifika hapo, tunasema imekakamaa.

Hili humpata kila mtu, ila si kwa mwendo mmoja. Kabla ya kukoma hedhi, aota ya mwanamke kwa kawaida ni laini kuliko ya mwanaume wa rika lake, na homoni ya estrojeni huchangia ulaini huo. Hedhi ikikoma, kinga hiyo hupungua na ukakamavu hushika kasi, hata wanawake wengi wakawapita wanaume. Tena aota yao ni nyembamba, hivyo damu hupita mahali padogo zaidi.

Utaliona kwenye mashine ya presha. Bibi anapimwa, inatoka 165 kwa 75. Namba ya chini haitishi, basi nyumbani wanasema ni presha ya uzee tu. Kauli hiyo inaniuma. Pengo la kawaida kati ya namba ya juu na ya chini ni kama 40. Hapa ni 90, na kila pigo linaugonga ubongo na figo bila kupunguzwa makali. Moyo nao hunenepa kuta na kuwa mgumu kujaa, mama akahema ngazini ilhali kipimo kinaonyesha moyo unasukuma damu vizuri. Aina hiyo ya moyo kushindwa kazi huwapata zaidi wanawake.

Kwa wanaume, hasa wavutaji sigara, hofu kubwa ni aota ya tumboni kuvimba kama puto. Uingereza huwaita wanaume wakapimwe kwa ultrasaundi wakitimiza miaka 65. Wanawake hawavimbi mara nyingi hivyo, lakini uvimbe wao hupasuka ukiwa mdogo zaidi. Ndiyo maana upasuaji hufikiriwa ukifika sentimita 5.5 kwa mwanaume, na 5.0 kwa mwanamke.