Kikombe kilichogeuka cheo: asili ya herufi 爵

Kwetu anayeongoza kikao huitwa mwenyekiti, na hakuna anayeshangaa kwamba cheo kimebeba jina la samani. Wachina wa kale nao walichukua chombo wakakifanya jina la heshima, ila wao walichukua kikombe cha pombe. Herufi 爵, inayotamkwa jué kwa sauti ya kupanda, ndiyo inayobeba vyeo vya kimwinyi katika Kichina, tangu mabwana wa enzi ya Zhou, ukoo wa kifalme uliotawala China ya kale, hadi malodi wa Uingereza wanapotajwa katika magazeti ya Beijing leo. Kati ya herufi zote ninazofundisha, hii ndiyo ninayokaa nayo ubaoni kwa muda mrefu zaidi. Mwanafunzi akishaielewa, haoni tena cheo cha Kichina kama jambo la damu na ukoo peke yake.

Tuanze na kikombe chenyewe. Huko Erlitou, katika mkoa wa Henan, mwaka 1975 kilipatikana kikombe cha shaba nyeusi, yaani shaba iliyoyeyushwa pamoja na bati, chenye kimo cha sentimita 22.5. Umri wake ni zaidi ya miaka 3,500. Ni chembamba, kimesimama juu ya miguu mitatu iliyochongoka. Upande mmoja kina mdomo mrefu kama wa birika, upande wa pili mkia uliochongoka, ubavuni kishikio, na karibu na mdomo vijiti viwili vifupi vilivyosimama. Baadhi ya vikombe vya namna hii vimekutwa na masizi kwa chini, maana vilitengwa juu ya moto kama sufuria inavyotengwa juu ya mafiga, ila hivi vilikuwa na mafiga yao wenyewe. Ndani yake ilipashwa moto pombe ya nafaka kwa ajili ya mizimu ya wazee waliotangulia.

Enzi ya Shang, iliyofuata, ilizika vikombe hivi pamoja na watu wake, na hapo ndipo kikombe kilipoanza kusema mtu ni nani. Kaburi la mtu wa hadhi ndogo lilikuwa na kikombe kimoja cha jue, na pembeni yake bilauri moja ndefu iitwayo gu. Aliyepanda alikuwa na jozi mbili, au tatu, au zaidi. Mwaka 1976, mjini Anyang, lilifukuliwa kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, mwanamke ambaye maandishi ya wakati wake yanamtaja akiongoza majeshi vitani. Kaburini mwake mlikuwa na vikombe 40 vya jue na bilauri 53 za gu. Aliyesimama kando ya shimo lile siku ya mazishi hakuhitaji kuambiwa cheo cha marehemu. Angehesabu vikombe.

Maandishi ya wakati huo yamechongwa juu ya magamba ya kobe na mifupa ya ng'ombe, na wasomi wa China walianza kuyatambua mwaka 1899. Humo herufi yetu ni picha kabisa: miguu, tumbo, mdomo umeelekea upande, na vijiti viwili juu. Mtoto wa chekechea angesema ni chombo. Herufi ya leo, yenye mikato 17 ya kalamu, imeficha picha ile. Sehemu za juu ni mabaki ya umbo la kikombe yaliyopindwa na mikono ya waandishi kwa karne nyingi, hivyo anayeona jicho au wavu pale katikati anadanganywa na macho yake. Chini kulia kuna 寸, na hapo pana ukweli: ni mkono. Kikombe kimeshikwa.

Xu Shen, mtunzi wa kamusi kubwa ya herufi aliyoikamilisha mnamo mwaka 100 BK, aliuona mkono huo. Aliandika kwamba 爵 ni chombo cha ibada, ndani yake mna pombe yenye harufu nzuri, na mkono umekishika. Kisha akaongeza jambo ambalo kila ninapolisoma hunigusa. Kikombe, alisema, kimefanana na shomoro, kwa sababu shomoro hulia jie jie, zu zu. Jie kwa Kichina ni kiasi. Zu ni kutosha. Basi ndege yule analia: kiasi, kiasi, yatosha, yatosha. Na kweli, katika Kichina cha kale jina la kikombe na jina la shomoro, 雀, yalikaribiana sana kwa sauti, hata vitabu vya kale huandika moja mahali pa jingine. Iwe ndivyo neno lilivyozaliwa au sivyo, mtu wa zama zile aliyeinua kikombe alifundishwa kusikia ndege akimwonya.

Lakini kikombe kiligeukaje cheo? Jibu liko mezani. Katika hafla za kale kinywaji hakikumiminwa ovyo. Kulikuwa na wa kwanza, wa pili, na wa kusubiri. Kitabu cha kale cha kanuni za ibada kinaeleza kwamba katika hekalu la mababu mwenye hadhi hutoa sadaka kwa jue, na wa chini hutoa kwa chombo kingine kiitwacho san. Kupewa kikombe kulikuwa kuoneshwa mahali pako, na neno likahama taratibu kutoka kwenye chombo hadi kwenye mahali penyewe. Herufi 尊, inayomaanisha heshima, ina historia hiyohiyo: mikono imeinua mtungi wa pombe.

Vitabu vingi hutaja vyeo vitano vya Zhou: gong, hou, bo, zi na nan. Vikaririwe, lakini maandishi yaliyochongwa kwenye vyombo vya shaba vya wakati huo hayaoneshi ngazi iliyonyooka hivyo. Bo, kwa mfano, ni mwana mkubwa tu, na zi ni mtoto. Mpangilio safi ni kazi ya waandishi wa baadaye.

Mageuzi makubwa yalikuja katika dola ya Qin. Mwaka 356 KK waziri Shang Yang alianza kuvunja umwinyi wa kurithi, na vyeo vikafika kuwa ngazi 20, vilivyopatikana vitani. Askari aliyeleta kichwa cha adui mwenye deraya alipanda ngazi moja, akapewa shamba, kiwanja na mtu wa kumtumikia. Ndugu wa mfalme asiye na sifa ya vita aliondolewa kwenye daftari la ukoo. Ulikuwa utaratibu wa kutisha, sitaupamba. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mkulima asiye na jina aliweza kulishika lile neno lililokuwa la wenye vikombe 40.

Mwishoni mwa mwaka 1975, huko Shuihudi katika mkoa wa Hubei, lilifunguliwa kaburi la karani wa Qin aliyezikwa na sheria alizozifanyia kazi, zimeandikwa kwenye vipande zaidi ya 1,100 vya mianzi. Sheria mojawapo inasema hivi: mwenye cheo akitaka kurudisha ngazi mbili za jue ili baba au mama yake mmoja atolewe utumwani kwa serikali, aruhusiwe. Isome polepole. Kijana anarudi kutoka vitani na ngazi mbili alizozilipia kwa damu, anaziweka mezani kwa karani, na mama yake anatoka.

Baadaye, chini ya Han, ukoo wa kifalme uliotawala baada ya Qin, jue iliuzwa. Mwaka 168 KK, Chao Cuo alimshauri mfalme Wen awape vyeo watu watakaopeleka nafaka mpakani, na ushauri ukakubaliwa. Mwanafalsafa Mengzi, aliyeishi karne ya 4 KK, alikuwa ameshatenga mambo mawili: jue ya mbinguni, ambayo ni utu, haki, uaminifu na kupenda wema bila kuchoka, na jue ya binadamu, yaani uwaziri na ukubwa. Alilalamika kwamba watu wa siku zake waliitafuta ya kwanza ili wapate ya pili, kisha wakaitupa.

Japani ilivichukua vile vyeo vitano mwaka 1884 kwa makabaila wake, ikavifuta mwaka 1947. China, cheo cha gong walichorithi wazao wa Confucius tangu mwaka 1055 kilibadilishwa kuwa kazi ya kusimamia ibada yake mwaka 1935. Neno lenyewe halijafa. Mwingereza mwenye cheo cha Sir ni 爵士, jueshi. Na ukikuta bango limeandikwa 爵士乐, usitafute mabwana wala vikombe: ni muziki wa jazi, na hapo herufi imeazimwa kwa sauti yake tu.