Losheni ya Kipande: Dhana Potofu na Ukweli

Losheni ya kipande ni mafuta ya mimea na nta vilivyogandishwa kama mche wa sabuni, kisha vikafungwa kwa karatasi au kutiwa kwenye kikopo cha bati. Chupa ya plastiki haihitajiki. Naipenda sana, ndiyo maana inaniuma ikisifiwa kwa uongo, na ikikataliwa kwa uongo pia.

"Joto la Dar au Mombasa litaiyeyusha." Inategemea kilichomo. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo pwani tumezoea kuyaona yakiwa majimaji. Siagi ya kakao huvumilia hadi karibu 34, ndiyo maana hulainika ukiisugua kiganjani. Kinachoshika umbo ni nta. Ya nyuki huyeyuka kwenye 62 hadi 64, ya kandelila, kichaka cha kaskazini mwa Meksiko, karibu 70, na ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi huko Brazili, hupita 80. Mchanganyiko uliozoeleka ni sehemu moja ya nta ya nyuki, moja ya siagi ya mmea kama kakao na moja ya mafuta, kwa uzito. Pwani, ongeza nta na upunguze nazi. Ukitumia kandelila, nusu ya kiasi cha nta ya nyuki hutosha kwa sababu ni ngumu zaidi. Hata hivyo, usiiache ndani ya gari juani.

"Ina chenga, imeharibika." Hapana. Siagi ya shea, yaani mafuta mazito ya kokwa za mti wa shea, ikipoa polepole hufanya chenga. Yeyusha kipande kwenye bakuli juu ya maji ya moto, kipoze haraka kwenye friji, chenga zitaisha. Kilichoharibika utakitambua kwa pua: hunuka kama mafuta ya kukaangia yaliyokaa siku nyingi. Vitamini E huchelewesha hali hiyo, lakini haizuii ukungu. Ukungu hufuata maji, basi kipande kisilale kwenye unyevu wa bafuni.

"Inaipa ngozi maji." Haina hata tone la maji. Kazi yake ni kuziba, maji yaliyomo kwenye ngozi yasipotee. Ipake mara tu baada ya kuoga, mwili ukiwa bado na unyevunyevu. Ukiipaka kwenye ngozi iliyokwisha kupauka, utang'aa tu huku ukavu ukibaki palepale. Kwa kuziba, mafuta ya mgando yatokanayo na mafuta ghafi, kama Vaseline, yanaishinda, na yakisafishwa vizuri si sumu. Tusiyasingizie ili kuuza yetu.

"Ya mimea haimdhuru mtu." Mafuta ya nazi huweza kuleta chunusi usoni. Mafuta ya mdalasini huwasha, na ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye ganda huweza kuunguza ngozi ikipigwa na jua. Asiyetaka kitu cha mnyama asome lebo: nta ya nyuki si mmea.

"Shea na nazi hukinga jua." Hii ndiyo hatari kuliko zote. Kinga yake ni ndogo mno, na kwa mwenye ualbino kuitegemea ni kujiweka kwenye hatari ya saratani ya ngozi. Anahitaji losheni ya jua yenye SPF (kipimo cha kukinga jua) 30 au zaidi, kama Kilisun inayotengenezwa Moshi, pamoja na kofia pana na nguo ya mikono mirefu. Kipande cha shea apake usiku.