Kwa nini akina Okello wa Uganda si ndugu?

Tarehe 12 Januari 1964, mtu aliyejipa cheo cha Fildi Mashali alisikika katika redio ya Zanzibar akitangaza kwamba serikali ya Sultani imeanguka. Aliitwa John Okello, naye alikuwa Mganda wa uraia, si Mzanzibari. Miaka 21 baadaye, Julai 1985, jeshi la Uganda lilimpindua Milton Obote. Bazilio Olara-Okello aliongoza nchi kwa siku mbili, kisha Jenerali Tito Okello akakalia kiti hadi Januari 1986. Ukigeukia fasihi utamkuta Okello Oculi, mshairi na msomi wa siasa. Ukigeukia soka yupo Allan Okello, kiungo mshambuliaji wa timu ya taifa, Uganda Cranes, aliyepitia KCCA na Vipers. Na Grace Akello, mshairi aliyeingia siasa, ana jina hilohilo kwa upande wa kike.

Vijiweni jibu huwa tayari: hao ni ukoo mmoja, familia kubwa ya kaskazini iliyotoa wanajeshi na wasomi. Wapo hata wanaomfanya John wa Zanzibar kuwa mdogo wake Tito wa Kampala. Si kweli. John alizaliwa Lango, Tito alikuwa Mwacholi wa Kitgum; hayo ni maeneo mawili tofauti ya kaskazini mwa Uganda. Na hata Tito na Bazilio, wote Waacholi, wote maofisa wa jeshi, waliopindua serikali kwa pamoja, hawakuwa na udugu wa damu.

Dhana hii hung'ang'ania kwa sababu tumezoeshwa shuleni na kwenye fomu kwamba jina linalofuata lile la dini ni jina la familia. Kwa Waacholi na Walango wa zamani halikuwa hivyo, na katika nyumba nyingi bado si hivyo. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuitwa Ojok, Okot na Odoch, na baba yao akaitwa Otim. Ojok mara nyingi alizaliwa na kidole cha ziada, Okot alizaliwa wakati wa mvua, Odoch alitanguliza miguu. Kwa hiyo kosa linakata pande mbili. Wenye jina moja hudhaniwa ndugu kumbe hawajuani, na wenye majina tofauti hudhaniwa wageni kumbe wamelala mkeka mmoja tangu utoto. Hili la pili ndilo linalosumbua zaidi, hasa kijana anapoulizwa ofisini kwa nini jina lake halifanani na la baba yake. Hana kosa lolote. Amepewa jina lake kwa utaratibu kamili.

Sasa, Okello ni nani? Ni mtoto wa kiume anayezaliwa baada ya mapacha. Wa kike ni Akello. Mapacha wenyewe kwa Waacholi ni Opio anayetangulia na Ocen anayefuata. Wakiwa wasichana, Apio na Acen. Wazazi hawaketi kuchagua. Mapacha wakishazaliwa, jina la mtoto atakayefuata linajulikana kabla hata mimba yake haijatungwa.

Lifikirie kama namba ya jezi. Mchezaji anayevaa 9 katika mji wa Gulu na anayevaa 9 katika mji wa Lira si ndugu. Namba imetokana na nafasi yao uwanjani. Kila timu ina 9 wake, na hakuna anayeshangaa. Okello ni nafasi katika mstari wa uzazi: yeyote atakayesimama nyuma ya mapacha huvalishwa hiyo, awe atakuja kuwa mwashi, jenerali au mshairi.

Lakini je, mapacha ni wengi kiasi hicho? Ndiyo, na hapa hesabu inapendeza. Nchi nyingi za Afrika ya Kati hupata mapacha zaidi ya mara 18 katika kila uzazi 1,000, wakati sehemu kubwa ya Asia Mashariki haifiki hata 10. Tuchukue kiasi cha chini, 15. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mwanamke wa Uganda alizaa kwa wastani watoto wapatao 7. Mama akijifungua mara 7, uwezekano wa kupata mapacha angalau mara moja unakaribia 1 kwa 10. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, maana uwezekano hupanda kadiri mama anavyokaribia miaka 40 na kadiri alivyozaa mara nyingi. Hata hivyo inaonyesha jambo: katika kijiji chenye akina mama 50, kuwapata akina Okello na Akello kadhaa ni jambo la kutarajiwa.

Kuna tahadhari moja kubwa. Siku hizi jezi hurithiwa. Mtoto huandikishwa kwa jina la baba, na jina la nafasi hugeuka kuwa la ukoo. Mfano wa wazi ni Henry Oryem Okello, waziri wa nchi aliyehudumu katika mambo ya nje: Okello yake inatoka kwa baba yake, Tito yuleyule aliyekuwa rais. Basi huwezi kusoma jina kwenye kitambulisho ukaapa kwamba mwenyewe alifuata mapacha. Itabidi umuulize, na kwa kawaida atafurahi kukuambia.

Utaratibu huu si wa kaskazini peke yake. Teso, ambako lugha si ya Kiluo kama zilivyo za Waacholi na Walango, akina Okello na Akello wapo tele. Buganda mapacha wa kiume ni Wasswa na Kato, wa kike ni Babirye na Nakato. Aliyewatangulia ni Kigongo, anayewafuata ni Kizza, na anayemfuata Kizza ni Kamya. Ndiyo maana mwanasiasa na daktari Kizza Besigye wa Rukungiri na beki Mustafa Kizza wanashiriki jina bila kushiriki babu. Mapacha huwabadili hata wazazi: baba huwa Ssalongo, mama Nnalongo, na sokoni Kampala watu humwita hivyo kwa heshima mpaka jina lake la zamani linasahaulika.

Msomaji wa Tanzania ameshawakumbuka Kulwa na Doto, na kwa Wasukuma anayewafuata ni Shija. Ukivuka kwenda kwa Wajaluo wa Kenya, Okello anabaki palepale nyuma ya mapacha, ila pacha wa pili haitwi Ocen tena. Huko ni Odongo.