Je, wajua mwizi hujifunza nini hasa kwa wenzake?

Ngome ya Lamu, ile inayotazamana na uwanja wa Mkunguni, ilikuwa gereza tangu mwaka 1910 hadi 1984, kabla ya kugeuzwa makumbusho. Kuhusu gereza lolote, la Lamu au la kwingineko, husemwa kwamba mtu huingia akiwa mwizi wa kuku akatoka akiwa mvunja maduka, kwa kuwa humo ndani amepata walimu. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, lakini imekosea kuhusu somo lenyewe: wengi hudhani kinachofundishwa ni ufundi, yaani namna ya kufungua kufuli, kuchomoa simu mfukoni au kughushi sahihi.

Aliyelipanga jambo hili katika nadharia ni Edwin Sutherland, mwanasosholojia wa Marekani, ambaye aliitoa mara ya kwanza mwaka 1939 na kuikamilisha mwaka 1947 katika hoja 9. Kabla yake, tabibu wa Italia Cesare Lombroso alikuwa amedai mwaka 1876 kwamba wako wahalifu wa kuzaliwa, wanaotambulika hata kwa umbo la fuvu na taya. Sutherland aliliacha fuvu akageukia mazungumzo. Alisema kwamba uhalifu hujifunzwa kwa watu wa karibu, na kwamba mafunzo hayo yana sehemu mbili: mbinu, ambazo nyingine ni ngumu na nyingine nyepesi mno, na pamoja nazo sababu, visingizio na mtazamo unaomfanya mtu aone kwamba mbinu hizo zinafaa kutumiwa. Sehemu hii ya pili ndiyo yenye uzito.

Mfikirie kijana aliyepelekwa kwa fundi wa nakshi za milango mjini Lamu. Mwanzoni hufagia maranda, hushikilia ubao na kunoa patasi, na mkono wake utachukua miaka kabla haujaaminiwa kugusa kizingiti cha mteja. Masikio yake, hata hivyo, yako kazini tangu siku ya kwanza. Anasikia ni mteja gani wa kuambiwa “njoo kesho” na ni nani asiyestahili kusumbuliwa. Anaona ufa katika mbao ukijazwa gundi na vumbi la msumeno, kisha anasubiri kusikia litakalosemwa. Katika karakana moja fundi atamwita mwenye mlango amwonyeshe ufa ule, kwa kuwa kuuficha ni aibu. Katika karakana ya pili atacheka na kusema kwamba mteja mwenyewe hajui mbao. Vijana wa karakana hizo mbili wameshika patasi ile ile na wamejifunza kujaza ufa kwa namna ile ile. Kilichowatenga ni sentensi moja iliyosemwa juu ya ufa huo, tena bila mtu yeyote kukusudia kufundisha.

Kwa Sutherland, basi, mtu huvunja sheria pale maneno aliyoyasikia yakiruhusu kuivunja yanapoyazidi yale yanayokataza. Ndiyo maana methali ya samaki mmoja akioza haitufikishi mbali. Askari jela huishi na wezi miaka mingi na wengi wao hustaafu bila kuiba, maana kukaa karibu na mwizi si sawa na kuyapokea maneno yake. Kinyume chake, kijana ambaye hakuna mwizi hata mmoja katika maskani yake anaweza kusikia kila jioni, kutoka kwa watu waadilifu kabisa, kwamba mbuzi hula urefu wa kamba yake. Hayo nayo ni masomo, na hayana ada.

Mwanafunzi wa Sutherland, Donald Cressey, aliwahoji wafungwa zaidi ya 100 waliofuja fedha walizokabidhiwa, akachapisha matokeo yake mwaka 1953. Watu hawa hawakuhitaji mwalimu wa mbinu. Chukua mfano wa mweka hazina wa chama cha akiba mjini Malindi: funguo anazo, daftari analiandika mwenyewe, na hakuna kufuli la kuvunja. Anachokosa ni sentensi ya kumwezesha kuchukua fedha hizo na bado ajione mtu mwema, na sentensi ambayo Cressey aliikuta tena na tena ilikuwa ya aina hii: “Nakopa tu, nitarudisha.” Hapa nadharia inayumba kidogo, kwa kuwa sentensi hiyo haikutoka lazima kwa wahalifu, imetapakaa katika jamii nzima, na kila mtu anaijua.

Na gereza je? Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu vijana zaidi ya 8,000 katika vituo vya kurekebisha tabia huko Florida uligundua kwamba kukaa na wenzao waliotenda kosa fulani kuliongeza uwezekano wa kulitenda tena, lakini hasa kwa wale waliokuwa wamekwisha kulitenda. Kwa wageni wa kosa hilo dalili zilikuwa hafifu. Gereza, kwa ushahidi huo, linafanana zaidi na darasa la marudio kuliko la kwanza.

Wako pia wanaopinga kwa kusema kwamba ndege wa manyoya sawa huruka pamoja, yaani kijana huanza ukorofi kwanza, kisha huwatafuta wakorofi wenzake. Sheldon na Eleanor Glueck, waliolinganisha wavulana 500 wakosaji na 500 wasio wakosaji mjini Boston, walielekea upande huo mwaka 1950, na tafiti nyingi za baadaye zimekuta kwamba mambo yote mawili hutokea. Kuyatenganisha kunahitaji kipimo, na hapo ndipo penye ugumu. Sutherland alitaja mambo manne yanayoyapa maneno uzito: yamesikika mara ngapi, kwa muda gani, tangu umri gani, na kwa heshima kiasi gani kwa msemaji. Alitamani yawekwe katika kanuni ya hisabati, akakiri mwenyewe kwamba kanuni hiyo haijapatikana na kwamba kuiunda kungekuwa kazi ngumu mno.