Nani kakwambia Mwanza ni mawe tu?

Mgeni anafikia Capri Point, anafungua pazia, anatazama nje, halafu ananiuliza: "Kaka, hapa mjini kuna wanyama, au mpaka twende Serengeti?" Kabla sijafungua mdomo, mwenyeji anayemsindikiza, mtoto wa hapa hapa, anamjibu: "Hapa ni mawe tu." Ya mgeni naisamehe. Ya mwenyeji ndiyo inayonipandisha presha, na wiki hii imepanda kupita kiasi, ndiyo maana naandika.

Kazi yangu ni kutembeza watu kwa miguu. Tunaanzia ufukweni Capri Point, tunavuka kwenda kisiwa cha Saanane, kisha tunarudi na kupanda vilima vya mjini: Isamilo, Bugando, na kwa wenye pumzi mpaka Nyegezi. Katika njia yote hiyo mawe si kizuizi cha kuona pori. Mawe ndiyo pori. Chini yake kuna kivuli na mapango, juu yake kuna vishimo vinavyotunza maji ya mvua, katikati ya nyufa mkuyu umejibana ukapata udongo wa kutosha kuota. Mjini kote, pale ambapo jembe na tofali vimeshindwa, kuna kitu kinaishi.

Kuhusu mawe yenyewe nitapita haraka. Hayakupangwa na majitu, hayakurushwa na volkano, na ziwa halikuyasukuma. Ni granaiti iliyoganda chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Ikapasuka kwa nyufa zinazokatana, maji yakapenya, yakaozesha kona na kingo kwanza. Udongo uliooza ulipochukuliwa na mvua, zikabaki kokwa za mwamba zimekaliana. Ziwa ni la juzi tu: miaka kama 15,000 iliyopita lilikuwa limekauka, kisha likajaa upya. Mawe yalikuwapo yakitazama.

Sasa pimbi, yule mnyama mdogo wa manyoya anayeishi kwenye mawe haya.

"Lile panya kubwa lile!" Nimesikia hivyo kwa Kiswahili, Kisukuma na Kiingereza. Si panya. Panya mama anabeba mimba wiki tatu hivi, anazaa vitoto uchi, vipofu. Pimbi, mwenye uzito wa kilo tatu au nne, anabeba mimba miezi saba na zaidi, na mtoto anatoka na manyoya yake, macho wazi, muda si mrefu anakimbia juu ya mwamba. Mtazame dume akipiga mwayo: meno mawili ya juu marefu, yamechongoka, yanaendelea kukua. Nyayo zake hazina manyoya, ni nyama laini inayotoa jasho, na msuli wa katikati unaivuta juu ili mguu ung'ang'anie jiwe. Ndiyo maana anapanda ukuta ambao wewe na raba zako mpya mnauangalia tu.

Jamaa zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva. Hapo sasa wenzangu wa kazi nao wananiudhi, maana wakishajua hilo wanawaambia wageni kwamba pimbi ni "tembo mdogo". Hapana, bwana. Wana babu mmoja wa zamani mno, makumi ya mamilioni ya miaka nyuma, kila mmoja akashika njia yake. Mgeni akiambiwa tembo mdogo anaanza kutafuta mkonga, hauoni, anaamua umemdanganya, na anarudi kwenye panya.

Kumpata ni kujua kusoma jiwe. Wengi wanaona michirizi myeupe kwenye miamba ya Mwanza na kusema ni mavi ya ndege. Mara nyingi ni kweli: yale meupe kwenye mawe yaliyomo ziwani ni kazi ya mnandi, ndege wa majini wanaoanika mbawa. Lakini ndege hunyea pale anapotua, kwa hiyo weupe wake huanzia kileleni na kumwagika ovyo. Pimbi ana choo. Ukoo mzima unakwenda kukojoa mahali pamoja miaka nenda miaka rudi, mara nyingi chini ya mwamba ulioning'inia au kwenye ufa, na mkojo wao mzito unakauka na kuacha tabaka jeupe lenye ukingo wa kahawia. Piga magoti, angalia chini yake. Ukikuta rundo la vinyesi vya mviringo vilivyokauka, umefika nyumbani kwa mtu, ongea taratibu.

Nenda asubuhi. Pimbi hawezi kutunza joto la mwili wake vizuri, kwa hiyo kuanzia saa moja mpaka saa tatu hivi anatoka kuota jua, wamelaliana. Ukija saa sita mchana na mwavuli, ukaona jiwe tupu, usinipigie simu. Saa hizo mwenye jiwe ni mjusi: dume ana kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, anapiga pushapu kuwatisha wenzake. Wataalamu wanamwita Agama mwanzae, jina la mji huu liko kwenye mwili wake, na mwenyeji wetu bado anasema hapa ni mawe tu.

Viatu viwe na soli ngumu. Mvua ikinyesha shuka, granaiti yenye ukungu wa kijani haina urafiki. Usioshe miguu ziwani, kichocho kipo, na kwenye matete mamba naye yupo.

Saanane ina maneno mengi zaidi. Watu bado wanaiita zuu, na hawajakosea kabisa: ilianzishwa mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ya kwanza Tanzania, na wanyama waliokuwa wakipelekwa kisiwa cha Rubondo walipitia hapo. Hifadhi ya Taifa imekuwa mwaka 2013, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake. Tatizo ni kwamba ukienda na kichwa cha zuu unatembea ukitafuta mabanda, unamaliza nusu saa, unarudi kwenye boti unalalamika. Njia ya kule ni ya kukaa: furukombe juu ya mti, kenge akikatiza nyasi, swala pala kwenye uwanda mdogo.

Hao swala wananipa shida, nikiri. Babu zao waliletwa na watu. Mgeni akiniuliza kama ni wa porini nasema ndiyo, kwa sababu hakuna anayewalisha, lakini sauti yangu inapungua. Pimbi wa Isamilo, ambaye amezungukwa na nyumba na hana hata kibao cha hifadhi, ndiye wa porini zaidi.

Na tukisema "njia ya asili ya jiji" tunatia chumvi. Mimi mwenyewe ninayeuza matembezi haya natia chumvi. Njia imeungana kwa miguu yangu na bodaboda ya kunisogeza, haijaungana kwa mnyama. Pimbi akitaka kuhama kutoka kilima kimoja kwenda kingine kutafuta mke, inabidi apite mabati, mbwa, mitaro na lami. Nyumba zimepanda Mabatini, zimepanda Igogo, na siwalaumu waliojenga, watu lazima walale mahali. Lakini mpango wa kuacha ukanda wa mawe na vichaka kati ya kilima na kilima, hata wa upana wa uchochoro, ungekuwa na maana kuliko vibao tunavyoomba kila mwaka.

Halafu kuna hili la jua la asubuhi. Kila kundi ninalolipeleka linawarudisha pimbi mashimoni kabla hawajapata moto, na pimbi mwenye baridi hawezi kula vizuri. Kwa sasa nimepunguza watu mpaka sita, tunakaa upande wa kivuli, mbwa haruhusiwi, na anayetaka kupiga selfi anasubiri pimbi wa kwanza ashuke mwenyewe kwenda kula. Wateja wawili wameshadai nusu ya hela yao.