Civita di Bagnoregio: yanayosemwa juu ya "mji unaokufa" na ukweli wake

Kama kilomita 120 kaskazini mwa Roma, katika mkoa wa Lazio, jimbo la Viterbo, kuna mji mdogo uitwao Civita di Bagnoregio. Picha zake zimeenea mno mtandaoni: nyumba za mawe zilizobanana juu ya mwamba, mabonde ya udongo wa kijivu pande zote, na daraja jembamba la zege linalopanda hadi kwenye lango. Bonaventura Tecchi, mwandishi mzaliwa wa Bagnoregio aliyefariki mwaka 1968, ndiye aliyeupatia umaarufu kwa jina la mji unaokufa, na jina hilo limeshika kiasi kwamba watu wengi hawaulizi tena unakufa kwa maradhi gani. Ni swali la kuulizwa, kwa sababu Civita imepatwa na mambo mawili tofauti, ardhi kuporomoka na watu kuhama, na dhana potofu nyingi juu yake hutokana na kuyachanganya hayo mawili.

Kilima ambacho hakikuwa kilima

Anayeiona Civita kwa mara ya kwanza hudhani kwamba waanzilishi wake walitafuta kilima kilichosimama peke yake ili maadui wasiwafikie. Wapo pia wanaosema kuwa kilima hicho ni mabaki ya volkano iliyozimika, na kwamba nyumba zimejengwa juu ya mdomo wake. Dhana zote mbili zinakwenda kinyume na umbo la ardhi yenyewe.

Mji uko kwenye kimo cha mita 443 hivi juu ya usawa wa bahari. Kimo hicho hakipishani sana na cha Bagnoregio, ulio upande wa magharibi ng'ambo ya daraja, wala na cha Lubriano, mji mwingine mdogo unaotazamana na Civita kutoka upande wa pili wa bonde. Hilo si jambo la bahati. Sehemu zote hizo zilikuwa uwanda mmoja wa juu, nao ukakatwakatwa na maji ya vijito viwili, Rio Chiaro na Rio Torbido, pamoja na matawi yake yanayoteremka kuelekea bonde la mto Tiber. Civita ni kipande cha uwanda huo kilichosalia wakati vilivyokizunguka vilipokwisha kubebwa na maji. Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati waliotangulia utawala wa Warumi, walipoanza kuishi hapa, yapata miaka 2,500 iliyopita, hawakupanda juu ya kisiwa cha mawe, na kwa karne nyingi baadaye mji uliendelea kuunganishwa kwa shingo ya ardhi na mtaa wake wa Rota, ambao ndio Bagnoregio ya leo. Watu na punda walipita hapo bila kuhitaji daraja. Upweke unaopigwa picha leo ni matokeo ya historia ya mji, na haukuwa sababu ya kuujenga.

Kuhusu volkano, ni kweli zilikuwepo, ila mahali pengine. Ni zile za eneo la Vulsini, magharibi mwa Bagnoregio, lilipo leo ziwa Bolsena. Milipuko yake ilimwaga majivu na mawe ya moto juu ya eneo kubwa, na tabaka gumu linalobeba Civita, yaani jiwe la tufo, lilitokana na mlipuko mmojawapo uliotokea zaidi ya miaka 300,000 iliyopita. Chini ya tufo kuna tabaka la umri mkubwa zaidi na la asili tofauti kabisa, nalo ni udongo wa mfinyanzi uliotuama kwenye sakafu ya bahari, kwa kuwa sehemu hii ya Italia ilikuwa chini ya maji zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Makombe ya viumbe vya baharini bado yanaonekana ndani ya udongo huo, katikati ya mashamba yaliyo mbali na pwani.

Jiwe halina kosa

Hapa ndipo penye dhana inayorudiwa kuliko zote, kwamba tufo ni jiwe laini linaloliwa na mvua kidogo kidogo kutoka juu, mpaka siku moja litakapokwisha. Tufo ni rahisi kukatwa, hilo halina ubishi, na ndiyo maana wenyeji walichimba ndani yake maghala ya mvinyo, matangi ya maji ya mvua na vyumba vya vinu vya kukamulia zeituni. Hata hivyo, jiwe hilo hilo limebeba nyumba za ghorofa kwa mamia ya miaka bila kusagika.

Tatizo liko chini yake. Udongo wa mfinyanzi ukilowa huvimba na kulegea, na ukikauka hupasuka. Mvua inayofuata huingia katika nyufa hizo na kuukokota udongo hadi vijitoni. Vijito navyo hula kitako cha mteremko, mteremko ukateleza, na ukingo wa mwamba ulio juu ukabaki umening'inia bila cha kuuegemeza. Kwa kuwa tufo ilipopoa ilijiachia nyufa za wima, haimomonyoki punje kwa punje, bali hukatika vipande vikubwa vinavyoanguka pamoja na chochote kilichojengwa juu yake. Matuta makali ya kijivu yasiyoota kitu, ambayo Waitalia huyaita calanchi, ni alama za kazi hiyo ya maji kwenye mfinyanzi, na bonde zima limepewa jina kutokana nayo. Binadamu naye alichangia, kwani kukata miti na kulima kwenye miteremko kuliyapa maji nafasi ya kukimbia kwa nguvu zaidi.

Ushahidi uko hatua chache baada ya kuingia mjini. Hapo umesimama ukuta wa mbele wa jumba la enzi ya Renaissance (kipindi cha mwamko wa sanaa na elimu Ulaya, baada ya Enzi za Kati), wenye madirisha yaliyochongwa kwa ustadi. Ukiinua macho kuyatazama madirisha hayo unaona mbingu, kwa sababu vyumba vilivyokuwa nyuma yake vilikwenda na ukingo wa mwamba. Kingo za madirisha bado zimenyooka na pembe zake bado ni kali. Kama jiwe lingekuwa linaliwa na mvua, ukuta huo ungekuwa wa kwanza kutoweka.

Nyumba aliyozaliwa Mtakatifu Bonaventura ilipatwa na mkasa wa aina hiyo. Mwanateolojia huyo, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Giovanni di Fidanza, aliuongoza utawa wa Wafransisko kuanzia mwaka 1257, akafariki mwaka 1274 mjini Lyon, na mwaka 1588 akatangazwa kuwa Mwalimu wa Kanisa. Wapo mahujaji wanaofika Civita wakitarajia kuingia nyumbani kwake. Nyumba hiyo iliporomoka zamani sana, na panapoonyeshwa leo ni mahali ilipokuwa, ukingoni kabisa mwa mwamba.

Tetemeko la mwaka 1695

Masimulizi mafupi husema kwamba mji uliangamia katika tetemeko la ardhi la Juni 1695 na kwamba wakazi wakakimbia. Tetemeko hilo lilikuwa kubwa kweli, likabomoa nyumba na makanisa, likaharibu na njia ya kwenda Rota. Maporomoko, hata hivyo, yalikuwa yakiusumbua mji tangu kabla ya hapo, na shingo ya ardhi iliendelea kukatika katika karne zilizofuata bila kuhitaji tetemeko jingine. Kwa hiyo mwaka 1695 ni pigo kubwa ndani ya mfululizo mrefu, na si mwanzo wake wala mwisho wake.

Jambo lililoumiza zaidi, kwa maoni yangu, lilitokea baada ya vumbi kutulia. Askofu na uongozi wa mji walihamishia makao yao Rota. Civita, iliyokuwa mji mkuu wa eneo lake ikiwa na kanisa kuu la San Donato kwenye uwanja wake, ikageuka kuwa pembezoni mwa mtaa wake wa zamani. Mahali palipo na askofu na ofisi ndipo panapokuwa na soko, mafundi, shule na wachumba, na familia hufuata mambo hayo hata kama nyumba yao haina ufa. Uhamaji huo ulikwenda polepole kwa vizazi vingi. Katika karne ya 20 ugumu wa kuvuka bonde uliuongezea kasi: daraja lililokuwepo liliharibiwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na hili la sasa, lenye urefu wa kama mita 300, lilikamilika mwaka 1965. Wakati huo vijana wengi walikuwa wamekwishazoea kutafuta maisha upande wa pili.

Si mji wa Enzi za Kati peke yake

Kwa sababu ya ngazi za nje na vichochoro vyake, Civita hutajwa kila mara kuwa mji wa Enzi za Kati. Nyumba nyingi ni za wakati huo kweli, lakini chini yake yamo makaburi ya Waetruski yaliyochimbwa kwenye tufo, pamoja na handaki liitwalo Bucaione lililopasua mwamba hadi upande wa bondeni. Juu ya lango la Santa Maria, ambalo ndilo lango pekee linalotumika kuingilia kutoka darajani, wamechongwa simba wanaokandamiza vichwa vya binadamu kwa makucha yao. Wenyeji hueleza kuwa ni ukumbusho wa raia kuwashinda Monaldeschi, ukoo wa Orvieto uliowatawala kwa mabavu. Mji uliopambana hivyo ulikuwa na watu wenye sauti na madaraka, na ni kuupunja kuutazama kama pambo la kale lisilo na siasa.

Je, hapana mtu?

Wengine huuita mji wa mizimu. Wakazi wa kudumu ni wachache sana, kama kumi hivi, nao hupungua wakati wa baridi, lakini wapo. Civita bado ni sehemu ya manispaa ya Bagnoregio. Mara mbili kwa mwaka, Juni na Septemba, punda hushindanishwa mbio kuzunguka uwanja wa San Donato katika mchezo uitwao Tonna. Ijumaa Kuu msalaba wa kale wa mbao wa kanisa hilo hushirikishwa katika maandamano ya Bagnoregio, na mapokeo yanasema kwamba usiporudishwa Civita kabla ya usiku wa manane, watu wa Bagnoregio wana haki ya kubaki nao. Ushindani wa namna hiyo hauwezi kuendeshwa na mizimu.

Kiingilio kinacholipwa kabla ya kuvuka daraja nacho huwafanya baadhi ya wageni waamini kuwa mji ni makumbusho ya kampuni fulani. Fedha hizo hutozwa na manispaa. Zilianza mwaka 2013 kwa yuro 1.50, baadaye zikapanda hadi yuro 5, na katika miaka hiyo wageni waliongezeka kutoka makumi ya elfu hadi kukaribia milioni moja kwa mwaka kabla ya UVIKO-19. Mapato hayo yaliiwezesha manispaa kuwapunguzia wakazi wake kodi. Miguu ya wageni haiuangushi mwamba, kama inavyodaiwa mara nyingine, ila wingi wao umegeuza nyumba nyingi kuwa za kulala wageni na za kulia chakula, na nyumba ya namna hiyo haiongezi mkazi.

Dhana ya mwisho ni kwamba hakuna linaloweza kufanywa. Fimbo za chuma zimepigiliwa ndani ya tufo ili kuvishikilia vipande vilivyopasuka, kuta ndogo zimejengwa kukatisha vijito ili visizidi kuchimba kitako cha miteremko, na maji ya mvua huelekezwa mbali na kingo. Mwaka 2012 ilifunguliwa humo humo mjini makumbusho ya jiolojia na maporomoko, inayowaeleza wageni mwenendo wa mfinyanzi. Kazi hizo haziwezi kuirudisha shingo ya ardhi wala kuusimamisha mmomonyoko wa bonde zima. Kinachowezekana ni kupunguza kasi kwenye kingo zenye nyumba, kwa matengenezo yasiyokatizwa, kwa sababu fimbo za chuma hupata kutu na vijito hujaa matope kila baada ya mvua kubwa.